Barua ya wazi kwa kamati inayoamua nani apate figo

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Kuteua Wapokeaji wa Viungo

YAH: KUONDOLEWA KWA MGONJWA KWENYE ORODHA YA KUSUBIRI FIGO BILA SABABU YA MAANDISHI

Ndugu Mwenyekiti, nanyi waheshimiwa wajumbe,

Nawasalimu kwa heshima. Kazi yenu naijua kuwa nzito. Figo ni moja, wanaoingoja ni wengi, na kila mnapoandika jina la mmoja mnajua wapo ambao majina yao hamkuyaandika. Siitamani nafasi yenu hata kwa siku moja. Lakini barua nilizowaandikia faraghani hazikujibiwa, na nilipofika ofisini kwenu karani alinieleza kuwa maamuzi ya kamati hayajadiliwi na ndugu wa wagonjwa. Mficha uchi hazai. Ndiyo sababu leo naandika mbele ya watu.

Kwanza niseme nisichokiomba, maana nahisi ndicho mtakachodhani. Siombi mdogo wangu apewe figo. Siombi arushwe foleni. Aliye mbele yake naye ana dada anayemlilia. Ninachotaka ni kujua ametolewa kwa kanuni ipi, nani aliiandika, na mtu aliyetolewa anakwenda kulalamika wapi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mdogo wangu figo zake zote mbili zimeshindwa. Anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Madaktari wake walimpima moyo, mapafu, mishipa na maambukizi, wakaridhika kuwa mwili wake unaweza kuhimili upasuaji. Jina lake likaingia kwenye orodha, kisha likatoka. Hakupewa barua. Alikuja kugundua pale alipouliza mbona hachukuliwi tena damu ya kulinganisha na ya watoaji. Afisa ustawi wa jamii akamweleza kwa mdomo, naye akionekana kuona haya, kwamba wajumbe waliona "mazingira yake ya nyumbani hayaridhishi". Mdogo wangu anaishi peke yake. Hajaoa. Na kuna miaka, zamani, alikuwa mnywaji. Katika hayo matatu, ni lipi lililomtoa? Hatujui. Huenda hata si mojawapo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnachagua gizani

Ninyi wajumbe bila shaka mnaijua habari ya Seattle, ila wasomaji wengine huenda hawaijui, kwa hiyo niruhusuni niisimulie. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner wa mji wa Seattle, Marekani, alibuni bomba dogo la kuachwa kwenye mkono wa mgonjwa, ili mishipa isitobolewe upya kila anapopelekwa kwenye mashine. Kabla ya hapo mashine ilimsaidia mtu kwa muda mfupi tu, mpaka mishipa ya kutoboa ikaisha. Sasa mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa aliweza kuishi miaka. Tatizo likawa mashine zenyewe, zilikuwa za kuhesabu. Ikaundwa kamati ya watu saba: mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali, kiongozi wa chama cha wafanyakazi na daktari wa upasuaji. Majina yao yalifichwa. Madaktari waliwachuja wagonjwa kitabibu kwanza, halafu kamati ikaamua nani kati ya waliobaki apewe nafasi ya kuishi.

Mwaka 1962 mwandishi Shana Alexander alieleza katika jarida la Life jinsi uamuzi huo ulivyokuwa ukifanyika, na watu wakashtuka. Wajumbe wale hawakuwa watu wabaya. Walikaa, wakajadiliana, wakaumia. Lakini kwa kuwa hawakuwa na kipimo chochote kilichoandikwa, walishika kilichokuwa karibu: huyu ameoa? Ana watoto wangapi? Ana mali kiasi gani, elimu gani? Huenda kanisani? Anaijenga jamii yake? Mtu asiye na mke, asiye na kazi ya kudumu, asiyefanana nao, alikuwa ameshindwa kabla hajatajwa. Mambo yale yaliisha baada ya mwaka 1972, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya serikali kugharamia usafishaji wa damu kwa karibu kila mwenye figo zilizoshindwa.

Uhaba wa mashine ulitibiwa kwa kuongeza mashine. Figo hazitengenezwi kiwandani, kwa hiyo kuchagua kutaendelea, na sibishani na hilo. Ninachobishana nacho ni kuchagua kwa namna ya Seattle miaka zaidi ya sitini baadaye. Tazameni wenzenu wa ini. Tangu 2002 Marekani wagonjwa wa ini wanapangwa kwa alama zinazoitwa MELD, na mwanzoni alama hizo zilikokotolewa kwa vipimo vitatu vya damu: bilirubini, kreatinini na kasi ya damu kuganda. Mgonjwa akiwa na karatasi ya maabara mkononi angeweza kujikokotolea alama zake mwenyewe nyumbani. Anaweza kuona ni kwa nini mwenzake yuko juu yake. Huenda asifurahi, lakini hatakesha akijiuliza ni nani aliyemchukia.

Sisi tulipewa sentensi moja ya mdomo.

2. "Mazingira ya nyumbani" si ugonjwa

Najua hoja iliyo nyuma ya maneno hayo, na ina ukweli. Figo iliyopandikizwa inaukuta mwili ambao hauitambui. Mpokeaji atameza dawa za kuuzuia mwili usiikatae, kila siku, kwa saa zilezile, kwa muda wote figo hiyo itakapokuwa ndani yake. Akiruka dawa, figo inaweza kupotea, na aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni atakuwa amekosa bure. Kwa hiyo kuuliza "nani atamsaidia siku za mwanzo baada ya upasuaji?" ni swali halali. Ningekuwa mjumbe ningeliuliza.

Lakini swali hilo linaulizwa ili tatizo litatuliwe, au ili mtu akataliwe? Kama mdogo wangu anaishi peke yake, kamati ilipaswa kusema: tuletee mtu atakayekaa naye miezi ya kwanza. Mimi nipo. Sikuulizwa. Hakuna aliyenipigia simu, na jina langu liko kwenye jalada lake kama ndugu wa karibu. Vilevile huyu ni mtu ambaye hajakosa hata kipindi kimoja cha mashine tangu aanze, na wauguzi wa kitengo wanaweza kulithibitisha. Anayetaka kujua kama mgonjwa atameza dawa kwa nidhamu, ushahidi gani ungezidi huo? Cheti cha ndoa?

Kuhusu pombe, nitazungumza wazi kwa sababu najua ndiyo inayonong'onwa. Kwa miaka mingi vituo vingi vya kupandikiza ini vilitaka mnywaji awe ameacha pombe miezi sita kabla ya kuingizwa kwenye orodha. Miezi sita ilionekana namba ya haki. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji wakachapisha matokeo ya wagonjwa 26 wenye homa kali ya ini iliyoletwa na pombe, ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Hawa walipandikizwa mapema bila kungojea miezi hiyo, baada ya kuchujwa kwa makini sana. Baada ya miezi sita asilimia 77 walikuwa hai. Kwa waliolinganishwa nao ambao hawakupandikizwa, waliobaki hai walikuwa asilimia 23. Kwa maneno mengine, wengi waliokuwa wakiambiwa "subiri miezi sita" walikuwa wakiambiwa wafe kwanza. Sisemi kila mnywaji apewe ini kesho asubuhi. Nasema kanuni iliyoonekana ya kitabibu ilikuwa na adhabu ndani yake, na haikuonekana mpaka watu walipoipima. Na mdogo wangu haombi hata ini. Anaomba figo, na pombe aliiacha zamani.

Mkianza kupima utu wa mtu hamtajua pa kuishia. Mwaka 2002 mfungwa mmoja wa California alipandikizwa moyo, watu wakakasirika: kwa nini jambazi apate na mwema akose? Hasira ile naielewa. Ila mahakama ilimhukumu kifungo, haikumhukumu kufa kwa ugonjwa wa moyo, na daktari hana mamlaka ya kuiongeza hukumu ile. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1995, mwanamke mwenye hali ya Down (ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao) alihitaji moyo na mapafu, na hospitali mbili za Marekani zikamkataa kwa hofu kwamba hataweza kufuata masharti ya matibabu. Watetezi wa watu wenye ulemavu wakapiga kelele, hospitali moja ikabadili uamuzi, na mwaka 1996 akapandikizwa. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini jiulizeni: je, yule ambaye hakuwa na wa kumpigia kelele? Mimi leo nimepata nafasi ya kuandika hapa. Hiyo nayo si haki kwa wagonjwa ambao dada zao hawajui kuandika barua.

3. Hata namba zenu zichunguzwe

Huenda mkanijibu kuwa mtaacha maneno na kushika vipimo peke yake. Vizuri, lakini vipimo navyo vina historia. Kwa zaidi ya miaka ishirini, hesabu zilizotumika sana kukadiria uchujaji wa figo kutokana na kreatinini zilikuwa na kipengele cha rangi ya mtu. Mgonjwa akiwa mweusi, jibu lake lilizidishwa. Katika hesabu ya mwaka 2009 ongezeko lilikuwa karibu asilimia 16. Chukueni mtu ambaye uchujaji wake bila kipengele hicho ni 18, namba ambayo hupungua kadiri figo zinavyodhoofika. Akiongezewa, anasomeka karibu 21. Na Marekani muda wa kusubiri figo huanza kuhesabiwa mtu anaposhuka hadi 20, au anapoanza mashine. Kwa hiyo watu wawili wenye damu yenye kreatinini ileile, wa umri uleule, mmoja saa yake ilianza kuhesabu na mwingine haikuanza, kwa sababu ya ngozi.

Hesabu mpya isiyo na rangi ilitolewa 2021. Mwaka 2022 mtandao wa upandikizaji wa nchi ile ukazipiga marufuku zile za zamani, na kuanzia Januari 2023 hospitali zikaagizwa kuyapitia majina ya wagonjwa weusi waliomo kwenye orodha na kuwarudishia muda waliopotezewa. Waliokwisha kufa wakisubiri hawakurudishiwa kitu.

Mnatumia hesabu ipi? Nimeuliza. Nauliza tena.

4. Wanaombwa watoe wote, wanapokea wenye nacho

Figo ya kwanza iliyofanikiwa ilipandikizwa Boston, Desemba 1954, na timu ya Joseph Murray, na ilifanikiwa kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana. Mwili haukuwa na cha kukataa. Kwa wengine wote, dawa ndizo zilizofungua mlango, hasa saiklosporini ilipoingia hospitalini miaka ya 1980. Ndiyo kusema upasuaji ni nusu ya tiba, na nusu ya pili ni dawa za miaka yote inayofuata. Asiyeweza kuzinunua anaweza kukataliwa mapema, tena kwa lugha ya upole: "hatafaidika na kiungo."

Sasa tazameni upande wa pili. Familia inapokalishwa kwenye chumba kidogo na kuambiwa kuwa ubongo wa ndugu yao umekufa, kisha ikaombwa iridhie viungo vyake vitolewe, hakuna anayeuliza marehemu alikuwa na kipato gani. Hakuna anayeuliza kama alikuwa ameoa. Kama alikunywa, mradi ini ni zima, linachukuliwa kwa shukrani. Maskini anafaa kabisa kutoa. Akigeuka kuwa mhitaji ndipo mazingira yake ya nyumbani yanakuwa hayaridhishi.

Kwa hili sina maneno laini. Mfumo unaomchukulia mtu viungo bila kumwuliza mfuko wake, halafu unamnyima kiungo kwa sababu ya mfuko wake, unawakopa maskini bila nia ya kuwalipa. Kama dawa ndizo kikwazo, kamati ina wajibu wa kwenda kwa wanaopanga bajeti na kusema: mwaka huu tumewakataa watu kadhaa kwa kukosa dawa peke yake, hii hapa idadi yao. Idadi hiyo mmewahi kuiandika mahali popote?

5. "Tafuteni ndugu atoe"

Tulipouliza sasa tufanye nini, jibu la pembeni lilikuwa hilo. Kitabibu si jibu baya. Figo ya mtu aliye hai kwa kawaida hudumu muda mrefu kuliko ya marehemu, na hatari ya kufa kwa mtoaji ni ndogo, vifo visivyozidi vitatu hivi katika kila watoaji elfu kumi. Lakini kauli hiyo mnaitupa ndani ya familia kisha mnaondoka, na hamjui inafanya nini humo. Mtoto wa mwisho anatazamwa mezani. Shemeji anaanza kukaa kimya. Katika nchi nyingi wanawake ndio zaidi ya nusu ya watoaji hai, na sidhani ni kwa sababu figo zao ni bora. Mimi nilipimwa, kundi la damu likakataa, nikalia. Ndugu yetu mwingine amesema hawezi, na nyumbani hakuna anayeruhusiwa kumsema. Kutoa ni hiari, na hiari isiyo na uwezo wa kusema hapana si hiari.

Kuna mbaya zaidi. Mgonjwa aliyefungiwa mlango bila maelezo ndiye mteja anayetafutwa na madalali wa figo. Azimio la Istanbul la mwaka 2008 lililaani biashara hiyo na safari za kwenda kupandikizwa viungo vya maskini wa nchi nyingine, na kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 zinakataza viungo kununuliwa. Iran peke yake iliruhusu malipo chini ya usimamizi wa serikali tangu mwaka 1988, na wapo wanaosema heri hivyo kuliko watu kufa kwenye foleni. Sikubaliani nao, maana anayeuza figo siku zote ni yuleyule mwenye madeni. Ila siwezi kumhubiria mtu anayekata tamaa awaogope madalali wakati waliopaswa kumpa jibu halali wamemnyamazia.

6. Hakuna pa kukata rufaa

Malalamiko dhidi ya uamuzi wa kamati, tumeambiwa, hupelekwa kwa mwenyekiti wa kamati. Hiyo ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Sina zaidi la kusema hapo.

Naomba sasa niyajibu majibu yenu kabla hamjayatoa, nikiokoa muda wa pande zote.

Mtasema viungo ni vichache. Ni kweli, duniani kote upandikizaji unaofanyika kwa mwaka haufiki hata sehemu moja ya kumi ya uhitaji. Lakini uchache ndio unaodai maelezo. Kingekuwepo cha kumtosha kila mtu, nani angejali kanuni zenu?

Mtasema siri za wagonjwa. Siri ya mdogo wangu ni ya mdogo wangu. Ameomba kwa sahihi yake aambiwe habari zake mwenyewe, mkamficha yeye. Na vigezo si siri ya mgonjwa yeyote.

Mtasema kila mgonjwa ana hali yake, huwezi kuandika kanuni ya kila kitu. Kwa upande fulani nakubali. Chukueni suala la umri, ambalo kwangu ni gumu kuliko yote. Je, kijana wa miaka ishirini atangulie mbele ya mzee wa sabini? Moyo wangu unasema ndiyo, halafu namkumbuka mama yangu na moyo unasita. Marekani tangu mwishoni mwa 2014 figo zinazotarajiwa kudumu zaidi, sehemu ya tano ya juu, hutolewa kwanza kwa sehemu ya tano ya wapokeaji wanaotarajiwa kuishi nazo muda mrefu zaidi, na umri unahesabiwa, pamoja na kisukari, muda kwenye mashine na kama mtu alishapandikizwa kabla. Wazee hawafukuzwi, wanapata figo nyingine. Mtu anaweza kuipinga kanuni hiyo, na wapo walioipinga. Uzuri wake ni kwamba ipo ya kupingwa. Israeli nao, kwa sheria ya mwaka 2008, wanampa kipaumbele aliyejiandikisha kuwa mtoaji. Binafsi nina shaka nayo, maana inaweza kumwadhibu mtu aliyeogopa tu au ambaye hakufikiwa na elimu. Lakini raia anaisoma na kuamua.

Mtasema, na hili ndilo ninalolisikia sana, kwamba mambo haya yakisemwa hadharani watu wataacha kutoa viungo. Mambo ni kinyume. Ujerumani mwaka 2012 iligundulika kwamba katika hospitali ya mji wa Göttingen na kwingineko takwimu za wagonjwa zilighushiwa ili waonekane wagonjwa zaidi na kupanda kwenye orodha ya ini. Idadi ya watoaji ilishuka. Hawakukimbia kwa sababu ya uwazi, walikimbia kwa sababu ya kilichokuwa kimefichwa. Hispania, kwa upande mwingine, imeongoza dunia kwa watoaji kulingana na idadi ya watu wake tangu miaka ya 1990. Sheria yao inamhesabu kila mtu kuwa mtoaji asipokataa, lakini Rafael Matesanz, aliyeanzisha shirika lao la upandikizaji mwaka 1989, amekuwa akieleza kuwa siri haiko kwenye sheria hiyo. Familia bado huulizwa kila mara, na akikataa ndugu, hakuna kinachochukuliwa. Kilichofanya kazi ni waratibu waliofunzwa, wengi wao madaktari wa vyumba vya wagonjwa mahututi, wanaokaa na familia na kujibu kila swali. Watu hutoa wanapowaamini wanaopokea kwa niaba yao.

Na mtasema ninyi ni wataalamu. Katika kuamua kama moyo utahimili nusukaputi, ndiyo, na siwezi kubishana nanyi. Katika kuamua kama mtu asiye na mke anastahili kuishi, hakuna mtaalamu.

Basi ninayoomba ni haya:

a) Mdogo wangu apewe kwa maandishi sababu ya kuondolewa kwake, tarehe ya kikao, na kigezo kilichotumika. Kama hakuna kigezo kilichoandikwa, jina lake lirudi, na muda wake wa kusubiri uhesabiwe kama haukukatika.

b) Vigezo vyote vya kuingizwa na kuondolewa vichapishwe, na mgonjwa akabidhiwe nakala siku anayofunguliwa jalada. Vya kitabibu vitenganishwe na vya kijamii.

c) Kigezo cha kijamii kisimtoe mtu mpaka kwanza ameelezwa kasoro, amepewa muda na msaada wa kuirekebisha, na ndugu aliyemtaja amehojiwa.

d) Kiundwe chombo cha rufaa ambacho hakuna mjumbe wa kamati anayekaa humo, na angalau mmoja wa wajumbe wake awe mtu aliyewahi kuishi kwa mashine au kwa figo ya mwenzake.

e) Kila mwaka itangazwe idadi, bila majina: walioombewa nafasi, waliokubaliwa, waliokataliwa na kwa nini, waliokufa wakisubiri, kwa jinsia, kwa umri, na kwa kama walikosa uwezo wa dawa.

f) Aliyewahi kutoa figo yake akiwa hai, naye baadaye akahitaji, apewe kipaumbele cha wazi. Marekani hufanya hivyo, na sijaona anayelalamika.

g) Kila anayejitolea kutoa akiwa hai apewe mshauri wake peke yake, asiyemtibu mpokeaji, na akisema hapana, familia iambiwe tu kwamba hafai, basi.

Kati ya haya, la kwanza halihitaji bajeti wala sheria mpya. Linahitaji karatasi moja na sahihi ya mwenyekiti. Nimeambatanisha kibali cha mdogo wangu kuruhusu taarifa zake zijibiwe kwangu. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa baraza linalosimamia madaktari na kwa ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi, na kama siku thelathini zitapita bila jibu, nitawaomba wao walitake jalada hilo kwenu.

Anwani yangu iko kwenye jalada lake, ukurasa wa ndugu wa karibu.

Wenu kwa heshima,

Dada wa mgonjwa